Goti la Ndahani

Jumamosi, Dodoma. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali kana kwamba lina kisasi na mtu. Nimechoka. Nimechoka miguu, na kichwa nacho kimechoka.

Kesho ni sikukuu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, na wanafunzi wangu wa mazoezi ya viungo watavuka sanduku la kurukia mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wakifanya vizuri nitakuwa mwalimu kamili wa mazoezi, niachane na usaidizi huu wa kubeba sanduku na kupuliza filimbi. Mdachi wetu, mwalimu mkuu tunayemwita Bwana tu, ndiye aliyeniahidi.

Kwa ajili ya kazi hiyo nimejifunza mambo ambayo ukoo wetu wa wachuuzi wa Kilimatinde haukuwahi kuyawaza. Daktari wa hospitali alinifundisha mifupa kwa picha ya mtu aliyechunwa ngozi. Nikajua jinsi moyo unavyosukuma damu, na kwa nini aliyekunywa uji wa uwele humshinda mbio aliyelala na njaa. Hata elimu ya uzito na nguvu alinionjesha. Mtu akiruka na kutua, uzito wake hauishii ardhini, bali hupanda tena kupitia mguu. Goti lililokunjwa huupunguza. Lililonyooka huumia.

Yote hayo niliyajua. Sikuwaambia.

Niliwafundisha kwa amri tu, tena kwa Kijerumani, kwa sababu Bwana ndivyo anavyotaka. Nao ni vijana wa Kigogo, wamekua wakicheza ngoma na njuga miguuni. Kwao mtu akiruka lazima atue kwa kishindo, kwa unyayo mzima na mwili umenyooka, ili njuga zilie. Anayetua kimyakimya huchekwa na wasichana. Basi wakawa wanavuka sanduku na kutua vivyo hivyo, mimi nikipaza sauti kwa neno la Kijerumani la goti, wao wakiitikia kwa adabu na kurudia yale yale. Niliwaona wakaidi. Wao nadhani waliniona mtu wa kelele.

Leo asubuhi Ndahani, mrukaji wetu bora, alitua kwa kishindo kikubwa kuliko siku zote. Hakuinuka.

Goti limevimba na halikunjiki. Bwana alilitazama, akaamuru lifungwe kitambaa na kesho aruke, maana bila Ndahani hakuna cha kumwonyesha Bwana Shauri. Ndahani mwenyewe, badala ya kukataa, alikubali. Baba yake anakuja kutoka Miyuji kumwona, mzee ambaye hakutaka hata kidogo kijana wake aache ng'ombe aje shuleni.

Nilimkalisha kwenye kivuli cha ukuta. Nikafunga fimbo mbili kwa kamba, nikamwonyesha kwa Kiswahili cha kawaida jinsi goti linavyobeba mwili, na kinachochanika likibebeshwa likiwa limenyooka. Alielewa pale pale. Akazikunja zile fimbo, akazinyoosha, akazikunja tena.

"Mbona hukutuambia hivi tangu mwanzo, mwalimu?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilimwambia kesho haruki. Akalia, kijana mzima yule, akaugeuzia ukuta uso wake.

Nikaenda kwa Bwana nikamweleza kwamba Ndahani akiruka na goti lile huenda asitembee sawasawa maisha yake yote, na kwamba nimemkataza. Nilitegemea kiboko. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alisema tu kwamba yupo mwalimu mwingine pwani, anayejua kutii, naye ataandikiwa aje. Mimi nibaki na filimbi yangu.

Nimerudi chumbani, nimejilaza, na chakula kimenishinda. Kazi inaniuma, sitajidanganya. Niliitaka sana.

Lakini si kazi inayoninyima usingizi. Kesho mzee wa Miyuji ataingia uwanjani na kumtafuta mwanawe kwa macho, atamkuta amekaa pembeni mguu umenyooshwa. Atauliza nani alikuwa anamfundisha. Najua jina la kila mfupa ulio kwenye mguu ule. Nikishamwamkia, nitamwambia nini?