Makaa Chini ya Kipimajoto

Salma, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti. Tende tumeshavuna, fungu lako lipo.

Unasema hapo Sur umefunga kipimajoto cha ukutani, kile kinachowasha na kuzima kiyoyozi, waya zote safi, na wenye nyumba bado wanalalamikia baridi. Mimi yalinikuta nyumbani kwangu hapa Nizwa, mama yako akiwa mchanga, hajatolewa nje.

Zilikuwa siku za joto kali. Kiyoyozi kilivuma bila kupumzika, na miguu ya mtoto ikawa kama barafu. Nilipokizima, chumba kikawa tanuri, mtoto akawa anahema. Nikawasha tena. Nikafungua kipimajoto, nikakaza kila waya, hakuna uliolegea. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akimlea bibi yako uzazini. Kila mtoto alipozidi baridi, yeye aliongeza makaa kwenye chetezo, maana mzazi wa arubaini hufukizwa udi apate joto. Na chetezo chenyewe kilikaa ubavuni mwa kitanda, chini ya kipimajoto.

Bisibisi ikaniponyoka. Nilipoinama kuiokota, fukuto la makaa likanipanda usoni. Kipimajoto kilikuwa kikisoma makaa, si mtoto.

Nikakibeba chetezo mpaka mlangoni. Baada ya kitambo kiyoyozi kikanyamaza, na mama yako akalia kwa nguvu, kilio cha njaa.

Rudi kwa watu wale, Salma. Unywe kahawa yao kwanza, na kabla hujashika bisibisi, tazama chetezo chao kinakaa wapi.

Babu yako