Siku Gari Lilipokushinda, Papa

Papa,

Ni miye, Odette. Nimeona kitu kwenye kompyuta ya kazini, na Mama sijamwambia bado.

Unakumbuka ile kazi niliyokutafutia ulipoacha lori? Ofisini tunafundisha gari liende bila dereva, lakini kwanza linajifunzia ndani ya kompyuta, kwenye barabara za kuigiza. Likifika salama linapata alama, likigonga linanyang'anywa. Linarudia hivyo mara maelfu mpaka lijue. Tulitaka dereva wa kweli wa kulilinganisha naye, nikakutaja wewe, uliyeendesha lori kati ya Lubumbashi na Kambove karibu maisha yako yote. Ulikuja umevaa shati la misa, ukakaa mbele ya skrini, ukashika ule usukani wa plastiki kwa mikono miwili. Kwa miezi mingi gari halikukukaribia kwa alama hata kidogo.

Kisha ukaanza kugonga. Kinga, zile baiskeli za magunia ya makaa. Mama mwenye beseni la ndizi. Na kila mara ulisema maneno kama haya: "Ile kinga ilitoka wapi? Miye sikuiona."

Nilicheka, Papa. Nilikuambia mbele ya wenzangu kwamba unazeeka. Siku gari lilipokupita kwa alama, ofisi nzima tulipiga makofi. Nawe ukapiga pamoja nasi.

Wiki tatu baadaye ulianguka uani, pale kwetu Kamalondo, ukifunga kamba za viatu. Hospitalini walituambia ni uvimbe kichwani, tena wa siku nyingi. Tukakuzika. Nilidhani habari imeishia hapo.

Jumatatu bosi aliniomba nitayarishe rekodi za safari zako, awaonyeshe wageni wanaotaka kununua programu jinsi gari lilivyokushinda. Nikazifungua moja moja. Kila ulichogonga kilitokea kushoto. Kila kimoja, Papa. Vya kulia ulivikwepa kama zamani.

Nilimpigia daktari. Akasema ndiyo, uvimbe wa pale huweza kuzima upande mmoja wa kuona, na mgonjwa mwenyewe asijue. Nikamuuliza, je, tungekuja mapema? Akajibu, "Ningependa sana kumuona mapema."

Dalili ilikuwa mbele yangu. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini gari linagonga. Likikosea mara tatu mahali pamoja, sitoki ofisini mpaka nijue sababu. Wewe ulikosea miezi miwili, nikasema ni uzee.

Nilimwambia bosi kwamba gari halikumshinda dereva, lilimshinda mgonjwa. Mchana akawaambia wageni wasije kwanza.

Anayekaa kwenye kiti chako sasa ni Papa Ngoie, mwenzako wa malori. Jana, kwenye skrini, alipita kibao cha kusimama mara mbili bila kusimama. Nikazima mashine, nikampeleka kwa daktari wa macho, naye ananung'unika njia nzima. Kumbe anahitaji miwani tu. Nilikaa kwenye benchi pale nje nikalia, akafikiri nimekasirika naye.

Nakuahidi, Papa: mtu akikosea mbele yangu, kabla ya kucheka nitamuuliza kama ni mzima.

Leo nikirudi nyumbani nitamwambia Mama. Sijui nitaanzia wapi, wala kama atanitazama usoni tena. Lakini hatasikia kwa mtu mwingine.

Pumzika, Papa.

Odette wako