Kuku Wawili wa Mama Kalunde

Jumatatu, 8 Julai 1974

Nimefunga mzigo. Karanga, michembe ya viazi, chumvi, chaki boksi mbili. Mke wangu Agnesi kaniangalia akacheka: huyu ni mwalimu wa elimu ya watu wazima au panya anayehama? Nikakaza kamba. Mwezi wa nne sasa sijala nyama, samaki, yai, maziwa wala samli. Hata asali nimeacha, mimi mtu wa Tabora. Nyuki naye ni kiumbe wa Mungu. Mke wangu anaamini ni tumbo. Nadhiri ikitangazwa inageuka majigambo, kwa hiyo nimekaa nayo mwenyewe. Niliiweka binti yetu Tereza alipougua surua. Apone, nami mwaka mzima sitaonja kitu cha mnyama. Alipona. Jicho la kushoto tu bado linatoa machozi. Nalikagua kila asubuhi kabla sijasema lolote.

Ndani ya treni jirani yangu kafungua kuku wa kukaanga. Harufu mpaka kwenye nguo. Nikatafuna karanga zangu. Nilijiona mtakatifu, na ilinipendeza.

Jumanne, 9 Julai

Kutoka stesheni ya Igalula, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Mchanga mtupu. Kijiji ni kipya, nyumba zimepangwa mistari, kivuli hakuna. Watu wameletwa hapa mwaka jana kutoka kila upande na hawajazoeana. Wanalima pamoja, wanaogopana.

Nimepangiwa kukaa kwa Mama Kalunde, mjane, umri wa mama yangu mdogo. Wanasema ndiye hodari wa darasa nitakalolifundisha, anasoma sentensi nzima bila kufuata kwa kidole. Shikamoo, mama. Marahaba, mwanangu. Akaingia ndani, akatoka na tetea mkononi, akanionyesha. Ndiyo desturi: mgeni amwone kuku akiwa hai. Hapo ndipo ningesema. Nikasema ahsante.

Mdomo huu!

Chakula kilipokuja, firigisi ilikuwa juu, fungu la mgeni. Nikasema tumbo linaniuma. Akatazama sahani, akanitazama mimi, akaiondoa. Baadaye njaa ikanishinda. Nikaenda nyuma ya ghala kutafuna karanga. Kugeuka, Mama Kalunde huyo, na jirani yake Nyamizi, wana kuni kichwani. Shavu langu limejaa. Wakapita.

Alhamisi, 11 Julai

Darasani Mama Kalunde kakaa peke yake kwenye benchi la watu watano. Wenzake wamebanana upande wa pili, wengine wamekaa chini. Nilidhani wamegombana shambani. Baada ya kipindi Mwenyekiti wa kijiji akanivuta pembeni.

"Mwalimu, umeona nini kwa yule mama?"

Sijaona kitu, nikasema.

"Mbona chakula chake umekikimbia, ukaenda kula chako kwa kificho? Mtu hafanyi hivyo ila amehofia kuwekewa kitu."

Kumbe Mei kuna mtoto alifariki mstari huu wa nyumba. Homa tu. Lakini watu walikuwa wakitafuta mchawi wa kumnyooshea kidole, hawakuwa na jina. Mwalimu kutoka mjini, mtu aliyesoma, nimewapa jina.

Naona aibu. Hakuna neno jingine.

Ijumaa, 12 Julai

Kisimani wanawake wameondoa ndoo zao alipofika. Nimeona kwa macho yangu. Amechota peke yake, kisha akaniletea maji ya moto ya kuoga kama jana na juzi. Afadhali angenitukana.

Nimemweleza Mwenyekiti nadhiri yote. Mtu wa kwanza kumwambia, na si mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Padri mwenyewe akija hapa anakula kuku mpaka mifupa. Nani atakuamini wewe? Kula, Mwalimu. Watu wakuone unakula."

Jumamosi, 13 Julai

Siku nzima nawaza jicho la Tereza. Nikila, Mungu akilichukua je? Nisipokula, mama huyu ahamie wapi, naye ndiyo kwanza kahamishwa? Nimezunguka shamba la kijiji mara mbili nikijifanya naona swali ni gumu. Jibu nalijua tangu jana. Naogopa tu.

Jumapili, 14 Julai

Nilimwomba Mama Kalunde mbele ya watu waliotoka kusali. Mama, leo nina hamu ya kuku wako. Akageukia banda la kuku. Kumbe kabaki mmoja, naye anaatamia. Nilitaka kuyameza maneno yangu, lakini watu walishasikia. Akasema, "Mgeni akiomba hanyimwi," akaenda kumtoa juu ya mayai. Mayai kumi na moja. Na mimi ndiye niliyeapa kutogusa hata yai!

Tulikula nje, uani, Mwenyekiti, Nyamizi na majirani wakitazama. Mama Kalunde akaonja kila chombo kwanza, taratibu, wote wamwone akimeza. Kisha akanipa firigisi. Nikala. Nikala na paja. Kuku anayeatamia hukonda, huyu alikuwa mifupa mitupu, na bado nililamba vidole. Lazima niandike ukweli hapa maana kwingine sitausema: ilikuwa tamu. Kwa muda wa sahani moja nilimsahau Mungu na mtoto wangu.

Nyamizi akanawa mikono, akasogea. Wengine wakafuata. Nyamizi alipoondoka aliyafunga yale mayai kwenye kanga, akasema kuku wake naye anaatamia, ayapokee na haya. Mama Kalunde akageukia ukutani, akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

Alhamisi, 18 Julai

Siku ya kuondoka. Benchi limejaa tangu Jumatatu, wanasukumana. Mama Kalunde kanisindikiza mpaka mwisho wa mashamba, kanibebea michembe. Pale akasimama.

"Mwenyekiti kaniambia habari ya nadhiri yako. Ungeniambia mimi, mwanangu. Ningekupikia mlenda."

Nimekuja na sentensi hiyo mpaka Tabora. Mfuko wa karanga sikuufungua.

Jumapili, 21 Julai

Nimeungama. Padri kasema nianze upya kuhesabu mwaka wangu, na nisinung'unike. Sawa. Mimi nitaanza na karanga. Mama Kalunde aanze na nini? Hilo sikumwuliza padri.

Nimemweleza Agnesi yote. Nadhiri haikumshangaza, anasema mwanaume hachukii samli miezi minne kwa tumbo. Alichoshindwa kukisikiliza ni kuku kutolewa juu ya mayai. Aliniambia ninyamaze kidogo, akaenda uani.

Tuna matetea watatu. Kesho mmoja anapanda treni nami. Tereza kamchagua mwenyewe, yule wa madoa, anayemwita Bibi. Kamfunga kamba mguuni, kampa punje za mtama, na sasa amekaa naye mlangoni analia. Jicho la kushoto linatoa machozi zaidi ya la kulia. Nimemfuta yote mawili.