Nyama Uliyoirudisha Motoni

Akinyi wetu amejifungua mvulana! Mkubwa, Baba Akinyi, mpaka manesi waliitana kumtazama. Mashavu amechukua kwangu, hilo usibishe.

Mume wangu mpendwa, pokea salamu popote ziwa lilipokuweka. Niko Kisumu kwa Akinyi, pale Migosi. Binti wa mama aliyeishia darasa la saba leo ana nyumba yenye maji ndani! Nawaambia majirani hata wasipouliza.

Lakini mtoto alikuwa analia, usiku na mchana. Unajua mambo yetu: dada yako akampakata, akaita majina ya waliotutangulia, moja moja, tusikie ni lipi litamnyamazisha. Akaita la baba yako, akaita la mjomba. Mtoto akazidi. Lako hakuliita.

"Huyo ziwa halikumrudisha," akasema. "Kaburini tulizika tunda la mti wa yago badala ya mwili wake. Mkimpa mtoto jina hilo, ziwa litakuja kumdai."

Akinyi akaogopa, akasema lisitajwe nyumbani kwake. Nami nikanyamaza, na mdomo wangu unaujua.

Jumapili mchana nikawapeleka wote kula nyama choma, ile hoteli yetu ya Nyalenda uliyokuwa ukinipeleka ukitoka kutengeneza injini za boti. Njia nzima naisifu! Dada wa hoteli akaja na birika kutunawisha. Alipomaliza kwetu, akamwaga maji juu ya kiti kitupu kilichokuwa mwisho wa meza, polepole, kama anayengoja mtu ageuze mikono. Nikadhani amechoka na kazi.

Nyama ikaja. Aibu niliyoipata! Mbavu ngumu kama ndara, ndani damu. Ugali umepoa, kachumbari imechacha.

"Mama Akinyi," dada yako akaniambia, "hii ndiyo ile uliyotuimbia?"

"Labda ni meno yako, shemeji."

Hatujalalamika kwa mtu, yule dada wa hoteli akaja akaliondoa sinia la nyama.

"Unaipeleka wapi?"

"Mzee amesema niirudishe motoni. Eti huyu mbuzi bado analia."

"Mzee gani?"

"Si huyu wenu, wa koti lililolowa."

Nje jua lilikuwa linachoma. Na maneno hayo ni yako, Baba Akinyi. Ulikuwa ukiyasema kila mara, nami nakukanyaga mguu chini ya meza kwa haya. Nikainama kutazama. Chini ya kile kiti palikuwa na maji, yananuka ziwa na petroli.

Nikamchukua mtoto, nikamwita sikioni kwa jina lako: Ogutu. Akanyamaza ghafla, mpaka Akinyi akamwekea mkono kifuani kuona kama anapumua. Alikuwa macho, anakitazama kiti chako.

Nyama ilirudi mbaya vilevile. Tukaila hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo hajalia. Akinyi amekubali jina, ingawa kila jioni anapapasa nguo za mtoto kuona kama zimelowa. Mimi nimefurahi, halafu nikibaki peke yangu nywele zinanisimama. Nakukumbuka sana, mume wangu, lakini nisikilize: jina chukua, ni lako. Mtoto ni wetu, wa nchi kavu. Usimwite ufukweni.

Mbuzi wa sherehe ya jina nitamchoma mwenyewe, nyumbani Usenge, aive mpaka ukose neno. Kiti chako kitakuwa mlangoni. Njoo umekauka.

Waje ndugu na majirani wote, Jumamosi.

Mkeo,
Mama Akinyi, sasa nyanya wa Ogutu