Habari za Josias na Mashindano ya Asia

Point, Durban
13 Julai 1999

Mpendwa dada Julienne,

Kwa taadhima kubwa nautangazia ukoo mzima, ulioko Kigoma na uliobaki Uvira, kwamba viatu vya basketi vya kumtosha mwanao Josias vimepatikana. Vilitafutwa majuma matatu, maduka kumi na moja. Ni vyeupe.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Goti lako limepoa? Watoto wa marehemu kaka bado wanasoma? Mimi nipo, natengeneza redio za watu, ila kifua hunibana kwa baridi hii ya Julai.

Barua uliyompa Pierre-Claver imefika. Unaomba picha ya Josias akiwa na timu yake huko Asia. Dada, kaa chini kwanza.

Hapa karibu na bandari kiko kiwanja ambapo mabaharia Wafilipino hucheza basketi meli zao zikipakuliwa. Josias akawa mwenzao. Urefu wake unaujua, mlango wangu unaujua zaidi. Mpishi mmoja wa meli alimwonyesha kaseti ya mashindano ya timu za taifa za Asia: Wachina kama nguzo za umeme, Wakorea wanafunga kutoka mbali kama watu wanaotupa maganda. Akamweleza kwamba vilabu vya huko navyo vina mashindano yao, na klabu huweza kuchukua mgeni mrefu, basi atamsemea kwa kocha mmoja. Meli ikaondoka. Mkataba wote ndio huo.

Kanisa letu unalijua: mtu hushukuru kwa imani, jambo lenyewe likiwa bado njiani. Josias akasimama, akashukuru kwa timu aliyopata Asia. Ushuhuda ukapokelewa, na sisi kwa kuaga watu hatujambo. Tarehe 6 Juni akaagwa: kwaya mbili, pilau, na viatu hivyo. Nilijua hana pasipoti wala tiketi. Nilipiga makofi na wenzangu, dada, na pilau nilikula.

Mtu aliyeagwa hawezi kuonekana kesho yake kwenye robot, taa za barabarani, akingoja taxi. Kazi ya kiwanda cha rangi kule Jacobs alishaiacha. Tangu siku hiyo amejificha Glenwood, katika chumba cha mwanafunzi Mrundi anayeitwa Audace. Hatoki. Viatu viko chini ya kitanda.

Kinachonitisha ni karatasi yake ya ukimbizi. Inakwisha tarehe 31 Agosti, na lazima apange mstari mwenyewe ili iongezwe muda. Mstari ule ndio kanisa letu lenyewe, wote watamwona, tofauti ni kwamba pale watu huwahi. Asipokwenda, polisi wakimkamata watamrudisha kwenye vita tuliyoikimbia. Nimemsihi mara tatu. Juzi akaniambia, "Mjomba, watu walishaniombea. Nitarudi na uso gani?"

"Na huo huo uliotoka nao."

"Na mama? Mama alishatangaza Kigoma nzima."

Ndipo akaniomba nikuandikie kwamba posta ya Asia inachelewa. Nimekataa. Siijui Asia kiasi cha kuisingizia.

Mimi hanisikii, kwake ni yule mjomba aliyepiga makofi. Anakuogopa wewe, basi wewe ndiye wa kumfungua. Piga simu kwenye duka la Laurette, Jumamosi yoyote saa nne asubuhi. Nitamfikisha pale kwa maneno au kwa chakula. Usimgombeze. Mwambie tu kwamba huoni aibu, hata kama unaiona, na apange mstari.

Nisalimie shangazi Marie-Jeanne, Yeremia na mkewe, na Glody aliyeniahidi barua tangu Krismasi. Mungu awafunike nyote, na goti lako alikumbuke.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata ukikasirika,

Gustave

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha. Mabaharia wa meli iliyofika jana wanasema mashindano ya vilabu vya Asia yalikwisha mwezi wa tano, pilau ya kumwaga hata haijapikwa.