Gari la Muigai

Riruta, Nairobi
14 Julai 2025

Mpendwa Debra, mtoto wa dada yangu,

Waendeleaje huko Doha? Miguu bado inavimba ukitoka kazini? Mimi moyo unachoka, na daktari wa Upper Hill hanifichi. Ndiyo maana naandika leo, mkono ungali unatii. Nzula, jirani yetu, ataipiga barua hii picha akutumie.

Unamkumbuka Muigai, mpangaji wa chumba cha mbele? Tangu Januari ndiye anayenipeleka kliniki kwa gari lake. Binti yako Shiko hunishika mkono hadi kwenye foleni, kisha yeye na Muigai hurudi wawili. Nilijiambia mtoto anawahi shule. Halafu vikaja viatu vipya. Halafu nikaona simu ya pili chini ya godoro lake.

Nilijua, Debra. Nilinyamaza kwa kuwa sikuona mwingine wa kunipeleka hospitali. Nisamehe.

Juma lililopita Shiko aliniomba cheti chake cha kuzaliwa. Muigai amemwahidi kazi ya hoteli Pwani shule zikifungwa, na amemkataza kukuambia. Miaka kumi na mitano! Nikamuuliza mwanamume huyo anataka nini kwake. Akanitazama tu, mimi bibi yake: "Shosho, si hata wewe hupanda gari yake?"

Cheti nimekishonea ndani ya mto wangu, na sasa kila gari likipunguza mwendo nje, naupapasa kama bado kimo.

Binti wa Nzula aliponea chupuchupu kwa mtu kama huyu mwaka jana. Nzula na akina mama wenzake wa Uthiru husimama na wazazi waliofikwa na haya; kesho wataniongoza kwa afisa wa watoto. Anasema usimfokee Shiko, wala usimwambie avunje simu. Mtoto akiaibishwa humkimbilia yule yule anayemwinda. Mpigie leo. Mwambie kosa ni letu wakubwa, si lake. Nawe usijilaumu, ulikwenda kumtafutia karo.

Nisalimie Carolyne unayeishi naye. Mjomba Mbugua wa Limuru anakusalimu, ingawa bado sijapata ujasiri wa kumwambia haya.

Kesho ni siku ya kliniki. Alfajiri Muigai atapiga honi langoni kama kawaida. Sitamtokea, na Shiko nitakuwa nimemshika mkono mimi.

Nikitangulia kabla ya hapo, mto wangu usichomwe mpaka Nzula aupasue.

Mungu akufunike huko, amfunike na huyu aliye huku.

Akupendaye hata sasa,
Tata Wangui