Kilo za Kerubo

Mama yangu Kerubo,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati, hapa Silibwet, nimempakata mjukuu wako. Tulimpa jina lako kama desturi yetu Wakisii, nikajiona nimekupata tena. Mwezi uliopita alikuwa kilo 7.4. Leo nesi amesoma 6.85. Anaharisha, maziwa anatapika, na mimi nimeishiwa maarifa. Mama, naogopa.

Unakumbuka mwaka ule mizani ya ratili ilipoondolewa shambani kule Mogogosiek, ikaletwa ya kilo? Nilikuwa darasa la saba na desimali zilinitoa jasho. Likizo tulichuma chai mstari mmoja, wewe ukinitungia hesabu huku mikono yako haipumziki. Majani na kikapu ni kilo 14.6, karani anatoa 1.25 ya kikapu na umande, zinabaki ngapi? Mimi nilipanga tarakimu kuanzia kulia kama namba nzima, nikakujibu kilo mbili na kidogo. Ulicheka, ukauliza kama karani huyo ni fisi. Kisha ukanionyesha kwa kijiti kwenye udongo: nukta isimame chini ya nukta, penye pengo tia sifuri.

Halafu ukaanza kukonda. Wachumaji walizoea kujipima kwa mzaha wakisubiri trekta, mtu anajikunja ndani ya gunia na kuning'inizwa kwenye ndoano. Wewe ulikuwa ukipimwa na hucheki. Jioni moja, ukimenya viazi, ukaniambia, "Moraa, mwanamke mmoja alikuwa kilo hamsini na nane nukta tano. Saa hii iko arobaini na tisa nukta saba tano. Amepungua ngapi?"

Nilifanya upesi. Nane nukta saba tano. Ukanisifu, ukasema sasa mtihani hautanishinda. Nilifurahi sana, mama, wala sikuuliza mwanamke huyo ni nani. Tulikuzika kabla ya mtihani.

Mtihani nilipita. Kutoa desimali naweza hata nikiwa nimefumba macho. Lakini leo nesi ameniuliza mtoto amepungua kiasi gani, nikamwambia sijui hesabu. Nimeikana shule uliyonisomesha kwa mgongo wako, kwa sababu nikilitaja jibu hilo kwa mdomo wangu nahisi nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kama nilivyoagizwa. Anameza kidogo, anatema, ananitazama. Ana macho yako. Nimeomba Mungu mpaka maneno yameniishia, ndiyo maana nakusumbua wewe.

Kesho asubuhi atapimwa tena. Kama huko uliko unasikia, nitungie hesabu ya kujumlisha, mama. Hata iwe nukta sifuri tano, nitaipokea kwa mikono miwili.

Lala salama, mama.

Ni mimi binti yako,
na bado ni Mama Kerubo.